Mahakama ya Shirikisho, Tume ya Biashara au Bodi ya Hataza: Mwenye Hataza Apeleke Wapi Shauri Lake Marekani?

Mnamo Novemba 2025, juri katika mahakama ya shirikisho huko California iliona kuwa Apple inapaswa kuilipa kampuni ya Masimo dola milioni 634 kwa kukiuka hataza (patent) moja. Mwaka mmoja kabla yake, Oktoba 2024, juri nyingine huko Delaware iliona kuwa Masimo nayo ilikiuka hataza za Apple zinazolinda umbo la saa, ikaitaka ilipe dola 250. Si milioni 250. Ni dola 250 tupu, pungufu ya bei ya saa yenyewe. Na kabla ya maamuzi hayo mawili, chombo cha tatu, ambacho si mahakama kwa maana ya kawaida, kilikuwa kimekwisha kuzuia baadhi ya saa za Apple zisiingizwe Marekani, bila kumpa mlalamikaji hata senti moja.

Tofauti hizo hazikutokana na umahiri wa mawakili peke yake. Kwa sehemu kubwa zilitokana na mlango uliobishwa na kile ambacho kila mlango unaweza kutoa. Mwenye hataza ya Marekani anayeona uvumbuzi wake ukitumiwa bila idhini ana mahali pawili pa kushitaki, yaani mahakama ya shirikisho ya wilaya na Tume ya Biashara ya Kimataifa ya Marekani. Aliyeshitakiwa naye ana mlango wake, ambao ni Bodi ya Majaribio na Rufaa za Hataza, iliyo ndani ya ofisi ileile iliyoitoa hataza. Hapa chini vyombo hivi vitatu vimewekwa sambamba kwa ajili ya mtu anayelazimika kuchagua, na mgogoro wa Masimo na Apple umetumiwa kama kielelezo kikuu kwa sababu ulipita katika milango yote mitatu na kila mlango ukatoa jibu lake.

Mambo mawili yafaa yawekwe wazi mwanzoni. Kwanza, hataza ni haki ya kuwazuia wengine wasiutumie uvumbuzi wa mtu bila idhini yake, na mipaka ya haki hiyo imeandikwa katika sentensi zenye namba mwishoni mwa hati, ambazo huitwa madai ya hataza. Mtu hashindwi kesi kwa sababu bidhaa yake inafanana kwa jumla na ya mwenzake, bali kwa sababu ametengeneza, ametumia, ameuza au ameingiza nchini kitu kinachotimiza kila kipengele cha dai mojawapo. Hataza za umbo ndizo zinazopimwa kwa mwonekano. Pili, haki hiyo haivuki mpaka. Hataza ya Marekani haimzuii mtu kutengeneza kifaa hichohicho Nairobi au Dar es Salaam, na hataza iliyotolewa na KIPI, ofisi ya hataza ya Kenya, au kupitia ARIPO, shirika la kikanda la mali bunifu huko Harare, haimpi mwenyewe haki ya kushitaki Texas. Mvumbuzi wa kwetu anayehusika na ulinganisho huu ni yule aliyetumia Mkataba wa Ushirikiano wa Hataza, unaoruhusu ombi moja la kimataifa kupelekwa baadaye katika nchi mbalimbali, akaingia awamu ya kitaifa nchini Marekani na akapata hataza ya huko, pamoja na mfanyabiashara anayepeleka bidhaa Marekani na anayeweza siku moja kujikuta upande wa kujibu.

Mahakama ya shirikisho: mlango wa fedha

Jina la mahakama ya wilaya humpotosha msomaji wa Afrika Mashariki, ambaye kwake mahakama ya wilaya ni chombo cha ngazi ya chini. Nchini Marekani mahakama hizi, ambazo jumla yake ni 94, ndizo mahakama za mwanzo za shirikisho, na kwa uzito wa mambo zinayoyaamua zinakaribiana zaidi na Mahakama Kuu za nchi zetu. Sheria imezipa mahakama za shirikisho peke yake uwezo wa kusikiliza mashauri ya ukiukaji wa hataza, kwa hiyo hakuna anayeweza kuyapeleka katika mahakama za majimbo. Rufaa zote, zitoke wilaya yoyote, huenda katika mahakama moja ya rufaa jijini Washington, ambayo ilianzishwa mwaka 1982 kwa nia, pamoja na mengine, ya kuleta msimamo mmoja katika sheria ya hataza.

Mdai hana uhuru kamili wa kuchagua wilaya. Hadi mwaka 2017 alikuwa nao kwa kiasi kikubwa, na mji mdogo wa Marshall, mashariki mwa Texas, ulijaa mawakili wa hataza kuliko ukubwa wake ulivyostahili. Mei mwaka huo Mahakama ya Juu, katika shauri la TC Heartland dhidi ya Kraft, iliamua kwamba kampuni ya Marekani inashitakiwa ama katika jimbo iliposajiliwa, ama mahali inapodaiwa kutenda ukiukaji na ambapo ina ofisi au kituo cha kudumu cha biashara. Hiyo ndiyo sababu Delaware, ambako kampuni nyingi kubwa zimesajiliwa, ina mashauri mengi ya aina hii. Kampuni ya kigeni haikupewa kinga hiyo. Msafirishaji wa bidhaa kutoka Mombasa au Zanzibar asiye na ofisi Marekani anaweza kushitakiwa katika wilaya yoyote ambayo mahakama yake ina mamlaka juu yake.

Anayeamua ukweli wa mambo ni juri, yaani raia wa kawaida walioteuliwa kwa shauri hilo moja. Hawa si sawa na wazee wa baraza waliozoeleka katika historia ya mahakama zetu, ambao kazi yao ilikuwa kumshauri hakimu au jaji. Juri ya Marekani hutoa uamuzi, na jaji anaweza kuutengua kwa sababu chache tu za kisheria. Maana ya maneno yaliyomo katika madai ya hataza, hata hivyo, huamuliwa na jaji. Mahakama ya Juu ilithibitisha hivyo mwaka 1996 katika shauri la Markman, na hadi leo kikao cha kufafanua maneno hayo huitwa kwa jina hilo. Wanaozifahamu kesi hizi huliangalia zaidi shauri katika hatua hiyo kuliko siku ya juri, kwa sababu neno moja likipewa maana finyu, bidhaa nzima ya mdaiwa huweza kutoka nje ya uzio, na kinachobaki ni mazungumzo ya mapatano.

Kwa nini basi mtu avumilie haya yote? Kwa sababu mahakama ndiyo pekee kati ya vyombo vitatu inayoweza kumpa fidia. Sheria inasema fidia isipungue mrabaha wa haki, yaani kiasi ambacho pande mbili zenye nia njema zingekubaliana kama ada ya leseni kabla ukiukaji haujaanza. Mdaiwa akionekana amefanya makusudi, jaji anaweza kuiongeza fidia hadi mara tatu. Hesabu hurudi nyuma hadi miaka 6 kabla ya shauri kufunguliwa, na hapa ndipo penye faida ambayo wengi huisahau: hataza iliyokwisha muda wake bado inaweza kuleta fedha kwa ukiukaji uliotendeka ilipokuwa hai. Hataza iliyoiletea Masimo uamuzi wa dola milioni 634 ilikuwa imekwisha muda tangu mwaka 2022. Juri iliikuta haina nguvu ya kumzuia mtu yeyote kesho, lakini ikiwa na deni la jana. Apple ilisema itakata rufaa, na yeyote anayesoma tarakimu kubwa za juri hana budi kukumbuka kwamba tarakimu hizo ni mwanzo wa safari nyingine.

Mfano wa safari hiyo ni mgogoro wa Apple na Samsung, uliofunguliwa Kaskazini mwa California mnamo Aprili 2011. Agosti 2012 juri iliipa Apple zaidi ya dola bilioni 1. Jaji aliikata sehemu ya kiasi hicho na kuagiza kihesabiwe upya, mahakama ya rufaa ikakipunguza tena mwaka 2015, Mahakama ya Juu ikaifungua mada ya hataza za umbo mnamo Desemba 2016, na juri nyingine ikatoa dola milioni 539 mnamo Mei 2018. Mwezi uliofuata pande mbili zilipatana. Simu zilizokuwa zikigombaniwa zilikuwa zimekwisha kugeuka vitu vya kale.

Na zuio je, yaani amri ya kumkataza mdaiwa asiendelee na ukiukaji? Tangu shauri la eBay dhidi ya MercExchange la mwaka 2006, mshindi hapati zuio kwa kuwa tu ameshinda. Lazima amwonyeshe jaji kwamba amepata madhara yasiyoweza kufidiwa, kwamba fedha hazitoshi, kwamba mizani ya adha kati ya pande mbili inamwegemea yeye, na kwamba umma hautaumia. Apple yenyewe, miezi michache baada ya ushindi wake wa Agosti 2012, ilinyimwa zuio dhidi ya simu za Samsung mnamo Desemba. Kwa kampuni inayoishi kwa kutoa leseni bila kuuza bidhaa yoyote, hoja kwamba fedha hazitoshi huwa ngumu kuliko zote, kwani biashara yake nzima ni kuigeuza hataza kuwa fedha.

Zile dola 250 za Delaware nazo zinaelezeka. Sheria ya hataza za umbo humpa mwenye hataza faida yote aliyoipata mkiukaji kutokana na bidhaa husika, au dola 250 kama kiwango cha chini kabisa. Apple haikuwa imefuata fedha katika shauri lile, ilitaka zuio. Juri iliona kuwa muundo wa awali wa saa ya Masimo pamoja na chaja yake ulikiuka, lakini ikakataa kwamba matoleo yaliyokuwa sokoni wakati huo yanakiuka, na kwa hiyo ushindi ukabaki wa kwenye karatasi.

Tume ya Biashara ya Kimataifa: mlango wa forodha

Chombo hiki kiko Washington na kinafanya kazi chini ya kifungu cha 337 cha Sheria ya Ushuru ya mwaka 1930. Mlalamikaji huiomba Tume ichunguze uingizaji wa bidhaa zinazokiuka hataza yake. Tume huamua ndani ya siku 30 hivi kama itafungua uchunguzi. Jaji wa kiutawala husikiliza ushahidi bila juri. Kisha makamishna hutoa uamuzi wa mwisho. Kwa kawaida yote hayo hulenga kukamilika katika muda wa miezi 16 hadi 18. Katika mahakama nyingi za wilaya, kufikia siku ya juri katika miaka miwili au mitatu ni jambo la kushukuru.

Tume haitoi fidia. Inachotoa ni amri inayowaagiza maofisa wa forodha wazuie bidhaa mpakani, na wakati mwingine amri ya kusimamisha mauzo ya shehena iliyokwisha kuingia. Masharti ya eBay hayaifungi, kama mahakama ya rufaa ilivyoamua mwaka 2010 katika shauri la Spansion, na hivyo amri ya zuio, ambayo mahakamani imekuwa adimu, katika Tume ndiyo matokeo ya kawaida ya kushinda. Tume inatakiwa kuangalia masilahi ya umma, lakini ni mara chache sana masilahi hayo yameizuia kutoa amri.

Masimo, ambayo makao yake yako Irvine na ambayo jina lake lilijengwa na vipimo vya oksijeni ya damu vinavyobanwa kidoleni, vile vilivyozoeleka hospitalini hata kwetu wakati wa janga la UVIKO-19, ilianza mahakamani California mnamo Januari 2020. Sehemu ya shauri iliyohusu hataza ilisimamishwa kwa sababu zitakazoelezwa chini, na sehemu ya siri za biashara ilifika kwa juri mwaka 2023 bila wajumbe kuafikiana. Juni 2021, shauri la kwanza likiwa bado limekwama, kampuni hiyo ilipeleka hataza nyingine tano kwa Tume. Januari 2023 jaji wa kiutawala aliona ukiukaji kwa hataza moja. Tarehe 26 Oktoba 2023 makamishna waliona ukiukaji kwa hataza mbili na kutoa amri ya zuio dhidi ya saa za Apple zenye uwezo wa kupima oksijeni ya damu, ambazo kwa wakati ule zilikuwa Series 9 na Ultra 2.

Hapo linaingia jambo lisilo na mfano mahakamani. Amri ya Tume hukaa siku 60 mbele ya Rais, ambaye amemkabidhi Mwakilishi wa Biashara wa Marekani mamlaka ya kuikubali au kuikataa kwa sababu za kisera. Agosti 2013 mwakilishi wa wakati huo aliikataa amri ambayo Samsung ilikuwa imeipata dhidi ya baadhi ya simu na tableti za zamani za Apple, ikiwa ni mara ya kwanza tangu 1987. Hataza iliyohusika siku hizo ilikuwa ya lazima kwa kiwango cha mawasiliano cha simu zote, na mwenye hataza ya namna hiyo huwa ameahidi kutoa leseni kwa masharti ya haki. Mwaka 2023 Apple haikupata bahati ileile. Siku 60 zilipokwisha, tarehe 26 Desemba amri ilianza kufanya kazi. Siku iliyofuata mahakama ya rufaa iliisimamisha kwa muda. Na kuanzia tarehe 18 Januari 2024 ikarudi kuwa na nguvu.

Apple ilifanya nini? Iliendelea kuuza saa Marekani, ikiwa imeizima huduma ya kupima oksijeni. Baada ya hapo, Agosti 2025, huduma ilirudi kwa mpangilio mpya ambao hesabu ya kipimo hufanyika ndani ya simu na si ndani ya saa, baada ya idara ya forodha kukubali kwamba mpangilio huo hauko chini ya amri. Masimo ikaishitaki idara ya forodha. Mlalamikaji wa Tume anapaswa kuutafakari mwisho huu kabla hajaanza: anayetafsiri amri siku hadi siku ni ofisa wa forodha, na mpinzani mwenye wahandisi wengi atatumia kila siku ya uchunguzi kubuni njia ya kuizunguka. Mbaya zaidi, hataza ikiisha muda wake, amri nayo inakufa. Ile hataza iliyoisha mwaka 2022 isingekuwa na thamani yoyote mbele ya Tume.

Sharti linalowafungia wengi mlango huu ni lile la sekta ya ndani. Mlalamikaji lazima aonyeshe kwamba kuna shughuli ya kiuchumi ndani ya Marekani inayohusu bidhaa zinazolindwa na hataza yake, kwa maana ya uwekezaji mkubwa katika mitambo, ajira na mtaji, au katika utafiti, uhandisi na utoaji wa leseni, na kwamba bidhaa ya upande wake inatimiza angalau dai moja la hataza. Hata Masimo, kampuni ya California kwa asili, ilibanwa kwa swali hili, kwa sababu Apple ilidai kwamba siku malalamiko yalipowasilishwa Masimo haikuwa na saa sokoni. Mvumbuzi aliyeko Arusha, Kisumu au Kampala, ambaye maabara yake na wafanyakazi wake wote wako hapa nyumbani, hawezi kulitimiza sharti hili kwa nguvu zake mwenyewe. Mtu wa namna hiyo huokolewa na mwenye leseni wake wa Marekani, ikiwa anaye, kwa kuwa uwekezaji wa mwenye leseni huhesabika.

Faida moja ya Tume haitajwi vya kutosha. Mamlaka yake yamejengwa juu ya bidhaa zinazoingia, na si juu ya kampuni iliyozitengeneza, kwa hiyo mtengenezaji wa kigeni anayekwepa kupokea hati za mahakama hapati pa kujificha. Katika hali fulani Tume hutoa amri ya jumla inayozuia bidhaa za aina hiyo zinazokiuka, ziwe za nani na zitoke wapi, hata kama mwenyewe hakutajwa katika uchunguzi. Msafirishaji wa Afrika Mashariki anayenunua vipuri au vifaa vya umeme kutoka nchi ya tatu na kuvipeleka Marekani anaweza kukuta shehena yake imezuiwa kwa amri ambayo hajawahi kuisikia.

Bodi ya Hataza: mlango wa aliyeshitakiwa

Sheria ya Uvumbuzi ya Marekani, iliyotiwa saini Septemba 2011, ilianzisha utaratibu wa kuipitia upya hataza iliyokwisha kutolewa, na utaratibu huo ukaanza kutumika mwaka mmoja baadaye. Mtu yeyote asiye mwenye hataza anaweza kuiomba Bodi, yenye makao yake Alexandria, Virginia, ifute madai ya hataza kwa hoja kwamba uvumbuzi haukuwa mpya au ulikuwa dhahiri kwa mtaalamu, na kwa kutegemea hataza za awali na machapisho tu. Waamuzi watatu, wengi wao wenye elimu ya sayansi na sheria kwa pamoja, huamua kwanza kama ombi lina uzito, na wakilipokea hutoa uamuzi wa mwisho ndani ya mwaka mmoja. Ada za serikali kwa ombi moja zinazidi dola 50,000, kabla ya kumlipa wakili hata mmoja, na bado huo ni mlango wa bei nafuu ukilinganishwa na mashauri ya mahakamani, ambayo hugharimu mamilioni ya dola.

Kinachoupa mlango huu makali ni kiwango cha uthibitisho. Mahakamani hataza hudhaniwa kuwa halali, na anayetaka kuiangusha lazima alete ushahidi ulio wazi na wa kushawishi, kama Mahakama ya Juu ilivyosisitiza mwaka 2011 katika shauri la Microsoft dhidi ya i4i. Katika Bodi inatosha uzito wa ushahidi kuelemea upande wake. Hataza ileile, kitabu kilekile cha zamani kilicholetwa kama kielelezo, na matokeo mawili tofauti. Apple iliutumia mlango huu dhidi ya hataza za Masimo zilizokuwa katika shauri la California, mahakama ikasimamisha sehemu hiyo kusubiri, na madai mengi ya hataza hizo yakafutwa. Iliyobaki hai ndiyo iliyofika mbele ya juri mwaka 2025.

Mlango huu una masharti yake. Mdaiwa ana mwaka mmoja tu tangu siku alipopokea hati ya madai ya mahakamani. Akichelewa siku moja, umefungwa. Akishindwa katika uamuzi wa mwisho, hawezi kuzirudia mahakamani au mbele ya Tume hoja alizozitoa wala zile ambazo angeweza kuzitoa. Isitoshe, tangu mwaka 2025 uongozi wa ofisi ya hataza umekuwa mkali zaidi katika kuyapokea maombi haya, na Oktoba mwaka huo mkurugenzi alijichukulia mwenyewe kazi ya kuamua lipi lipokelewe. Mdaiwa aliyekuwa akiutegemea mlango huu kama kinga ya uhakika hana tena uhakika huo, na mwenye hataza amepata nguvu ya mazungumzo ambayo hakuwa nayo miaka michache iliyopita.

Vikiwekwa sambamba

Kwa upande wa muda, Tume huwatangulia wenzake, na utangulizi huo una maana ya kimkakati. Ombi la Bodi huchukua takriban miezi 18 tangu kuwasilishwa hadi uamuzi wa mwisho, kukiwemo miezi 6 hivi ya kusubiri kupokelewa. Jaji wa wilaya mara nyingi yuko tayari kusubiri. Tume kwa desturi haisubiri. Aliyeanza na Tume huwa na amri mkononi kabla mpinzani wake hajapata jibu kutoka Alexandria, ilhali aliyeanza mahakamani huweza kuona shauri lake likilala miaka mingi, kama shauri la Masimo la mwaka 2020 lilivyolala.

Kwa upande wa fedha hakuna mashindano, kwa sababu ni mahakama pekee inayozitoa. Wapo wanaofungua mashauri yote mawili kwa siku moja wakiamini kwamba watapata zuio kwa mkono mmoja na fidia kwa mkono mwingine. Sheria inampa mdaiwa haki ya kuomba shauri la mahakamani lisimamishwe kwa hataza zilezile hadi Tume imalize, na akiomba kwa wakati, jaji hana hiari ya kukataa. Tena uamuzi wa Tume kuhusu uhalali wa hataza haumfungi jaji wa wilaya, kwa hiyo aliyeshinda mbele ya Tume huanza upya mbele ya juri. Hilo halimaanishi kwamba njia mbili ni upotevu. Masimo ilizigawa hataza zake, kundi moja mahakamani na jingine kwa Tume, na mgawanyo huo ulifanya pigo la Bodi kwa kundi la kwanza lisiguse la pili. Nionavyo, huo ndio uamuzi bora zaidi uliofanywa na upande wowote katika mgogoro wote ule, na unamhitaji mwenye hataza nyingi.

Gharama zinahitaji neno la ziada. Kufungua shauri katika mahakama ya wilaya kunagharimu dola 405, na Tume haitozi ada ya malalamiko, lakini tarakimu hizo hazina uhusiano wowote na mzigo halisi wa mawakili, wataalamu na upekuzi wa nyaraka. Tofauti iliyo muhimu kwa mwenye mtaji mdogo ni kwamba Marekani inaruhusu wakili alipwe kwa asilimia ya fidia atakayoipata mteja, jambo ambalo Sheria ya Mawakili ya Kenya hailitambui. Mpango huo unawezekana mahakamani kwa sababu kuna fidia ya kugawana. Kwa Tume hakuna cha kugawana, na kwa hiyo mlalamikaji hugharimia uchunguzi kutoka mfukoni, katika mwendo wa kasi usiompa nafasi ya kupumua.

Nani achague upi

Kampuni inayouza bidhaa yake Marekani, yenye watu na mitambo huko, na inayopoteza soko kwa bidhaa zinazotengenezwa nje, ianze na Tume ikiwa hataza yake ina miaka kadhaa mbele na ikiwa ni vigumu kwa mpinzani kuibadili bidhaa bila kuiharibu. Sharti hilo la mwisho ndilo la kupimwa na wahandisi kabla ya mawakili. Huduma inayoweza kuzimwa kwa sasisho la programu ni shabaha dhaifu kwa amri ya forodha.

Mvumbuzi binafsi, chuo kikuu, au kampuni changa ya Afrika Mashariki yenye hataza ya Marekani lakini isiyo na shughuli huko, aende mahakamani, akijua kwamba anafuata mrabaha na si zuio, na kwamba mpinzani wake karibu kwa hakika atabisha hodi katika Bodi. Kwa sababu hiyo asikubali kumlipa wakili wa kushitaki kabla hajamlipa mtaalamu mwingine atafute katika machapisho ya zamani, kwa jicho la adui, chochote kinachoweza kuiangusha hataza yake. Akiwa na madai mengi ya hataza yaliyoandikwa kwa upana tofauti, machache huweza kuponea Alexandria na kufika mbele ya juri. Akiwa na dai moja pana, kila kitu kimetundikwa kwenye uzi mmoja.

Mwenye hataza iliyokaribia kuisha au iliyokwisha muda hana cha kufuata kwa Tume, na mwenye hataza ya lazima kwa kiwango cha mawasiliano aikumbuke Agosti 2013 kabla ya kuomba zuio.

Kwa aliyeshitakiwa, uchaguzi ni mfupi zaidi lakini kalenda ni kali. Akipokea hati ya madai ya mahakamani, kwa kawaida ana siku 21 za kujibu na mwaka mmoja wa kwenda Bodi, na hesabu zote mbili huanza siku ileile. Akipokea malalamiko ya Tume, mwaka huo hauanzi kuhesabiwa kwa hati hiyo, lakini siku 30 za kuomba shauri la mahakamani lisimamishwe huanza mara moja ikiwa shauri hilo lipo. Hati hizi humfikia mtu aliye nje ya Marekani kwa njia ambazo hufanana na barua za kawaida za biashara, na ofisi nyingi huziweka kwenye jalada kungoja mkurugenzi arudi safari. Bahasha yenye jina la mahakama ya Marekani, iwe imeandikwa kwa nani, ifunguliwe siku ilipofika na tarehe ya kupokelewa iandikwe juu yake.